Mafuta Imepanda Tena? Kabla Ukimbilie Nduthi ya Stima, Piga Hii Hesabu Kwanza

Kuna tarehe mbili kila mtu wa Nairobi anajua bila kuangalia kalenda: siku ya kulipa nyumba na tarehe 14. Jioni ya 14 ndiyo EPRA, wale wa kudhibiti kawi na petroli, hutoa bei mpya ya mafuta. Ikifika saa sita usiku bei inabadilika, na inakaa hivyo hadi 14 ya mwezi unaofuata. Kufikia asubuhi konda ashaongeza blue kwa nauli, na ukimuuliza anakuangalia kama wewe ndiye ulichimba hiyo mafuta. Bei ikishuka, huyo huyo konda hajaskia habari.

Na kila ikipanda, status za WhatsApp zinajaa picha za nduthi za stima. "Wacha kufanyia petroli kazi." "Omoka na betri." Mimi si adui wa stima, na utaona hapa chini hesabu inaipendelea mara nyingi. Lakini nimeona msee akiuza Boxer yake safi juu ya hizo status, miezi mitatu baadaye anaitafuta tena kwa bei ya juu. Shida haikuwa stima. Shida ni hakuwahi kaa chini na kalamu.

Kwanza, mbona bei inaruka ruka hivi? Kenya haisafishi mafuta yake. Kile kiwanda cha pale Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha 2013, so petroli yote inakuja kwa meli ikiwa tayari, na inalipiwa kwa dola. Dola ikipanda tunaumia hata kama huko dunia bei imetulia. Halafu kuna ushuru. Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 ile pesa ya kutengeneza barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Unakumbuka Oktoba 2023? Lita ya petroli Nairobi ilifika 217.36. Kule Mandera ilikuwa juu zaidi, juu lori nayo inachoma mafuta ikipeleka mafuta.

Hapo kwa bei huna sauti. Penye uko na sauti ni lita ngapi unachoma kufika penye unaenda.

Sasa niangalie mguu wako wa kulia, pale kwa shavu la mguu. Kama umekulia Nairobi na unapanda nduthi, kuna nafasi kubwa uko na ile alama nyeusi ya bomba la moshi. Mimi niko nayo, niliipata nikishuka haraka pale Donholm. Hiyo alama ndiyo somo lote la hii makala. Ule moto uliokuchoma ni petroli umelipia na haikukupeleka popote. Injini ya petroli hubadilisha kama robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo, zingine zinatoka kama joto na moshi. Mota ya stima inafanya kinyume, sehemu kubwa ya stima inafika kwa tairi na ni kidogo tu inapotea. Niliacha koleji kabla nimalize, so usinitarajie niandike fomula, lakini hiyo tofauti hata bila fomula unaiona. Gusa mota ya nduthi ya stima baada ya safari, halafu uguse bomba la Boxer. Ama usiguse.

Wacha tupige hesabu ya mtu wa boda. Nitatumia 180 kwa lita ndio hesabu iwe rahisi, wewe weka ya leo.

Tuseme unapiga kilomita 120 kwa siku. Hiyo ni kawaida ya mtu anashinda barabarani. Nduthi ndogo ukiwa na abiria, simama-enda ya town, inakupa kama kilomita 40 kwa lita. Hizo ni lita 3, yaani 540 kila siku. Ukifanya siku 26 kwa mwezi ni 14,040. Bado hujaweka oili, plagi na klachi.

Ya stima kwa kilomita hizo 120 itakula kama uniti 5 za stima. Hata kama tokeni zako zinatoka 30 kwa uniti, hiyo ni 150. Kutoka 540 hadi 150! Hapa ndipo wengi huweka kalamu chini na kuanza kuota. Usiiweke chini bado.

Hiyo 150 ni ya mtu ako na betri yake na mahali pa kuichajia. Wewe unaishi wapi? Kama uko bedsita floo ya tano Pipeline, stima ni ya mita ya mwenye ploti na soketi ni moja, utapandisha betri na ngazi kila usiku? Si kitu ya kubeba kama jaba ya maji na kurudia. Na siku mwenye ploti akijua unachaji nduthi, utajua yeye ni nani. Kenya Power wako na bei maalum ya magari ya stima tangu 2023, shilingi 16 kwa uniti na 8 usiku kabla ya ushuru, lakini inataka mita yake ya pekee. Hiyo ni ya wenye vituo vya kuchaji, haitakufikia kwa soketi ya jikoni.

So wengi wanaishia kuswapu. Unafika kituoni, unatoa betri imeisha, unapewa imejaa, dakika chache umeenda. Kigali walianza hii maneno mapema, Nairobi sahi ukitembea utaona Spiro, Ampersand, Roam, Arc Ride, kila mtu na rangi yake. Mfumo ni mpoa juu nduthi inakuwa bei ya chini, betri si yako. Lakini kila ukiswapu unalipia stima, unalipia betri, unalipia yule dada wa kituo na kodi ya hicho kibanda. Tuseme betri moja inakupeleka kilomita 60 na kila swapu ni 200. Siku yako ni swapu mbili, 400. Umeokoa 140, si 390. Kwa mwezi ni 3,640. Ongeza na ile pesa ya oili hununui.

3,640 ni pesa. Ni shule ya mtoto, ni chama. Lakini si ile pesa ya status za WhatsApp. Na kama umeuza nduthi umeshamaliza kulipa ndio uingie mkopo mpya wa kila siku, hiyo 140 unaokoa inaingia yote kwa mkopo na unaongeza ingine juu. Hapo ndipo yule jamaa wangu alianguka. Boxer yake ilikuwa yake kabisa, logbook iko nyumbani kwa mamake. Alihama kutoka kwa kitu hadaiwi hadi kitu anadaiwa kila asubuhi kabla akule mandazi.

Kama mkopo wako wa petroli bado haujaisha, ama unatumia nduthi ya mtu na unapeleka pesa kila jioni, hesabu inabadilika kabisa. Tayari unalipa. Hapo stima inakutoa mbele mapema sana, na kusema ukweli sioni mbona mtu kama huyo anangoja.

Kitu ya pili ni ramani. Jamaa alipata abiria wa Mlolongo, bei poa, hakuuliza betri. Ikamwishia huko na kituo cha karibu cha kampuni yake kilikuwa kimerudi nyuma hadi town. Betri ya kampuni ingine haiingii kwake, si kama petroli yenye kila sheli inauza ile ile. Alisukuma, akaomba pikapu, pesa ya siku ikaishia hapo. Kabla usaini chochote, chukua wiki moja uandike kila mahali unaenda, halafu uulize vituo viko wapi, vinafungwa saa ngapi, na stima ikipotea wanafanya nini. Agosti 2023 nchi karibu yote ililala giza, ikarudia Novemba na Desemba. Swali si la kipumbavu.

Soma pia mkataba hadi ile sehemu ya maandishi madogo. Nani analipa betri ikiharibika? Ikiibiwa? Wanaweza kuizima nduthi wakiwa ofisini ukichelewa kulipa? Ukichoka nayo unaweza kuiuzia mtu, ama bila akaunti yao ni chuma tu? Kama yule wa mauzo anakujibu na "usijali bro," jali.

Nyinyi wa ndai msidhani nimewasahau. Gari ya stima kamili bado ni bei ya kutoa jasho, so wengi wetu hapa tunabonga haibridi, hizi Aqua na Fielder mnaona. Uzuri wake unatoka kwa kitu tunachukia, jam. Ukiwa umesimama Waiyaki Way na injini ya kawaida, unachoma petroli ukiangalia matako ya mathree. Haibridi inazima injini hapo, inasongea na betri, na ukikanyaga breki inarudisha nguvu kidogo kwa betri badala ya kuipoteza. Ndio maana inaokoa sana town kuliko ukienda Nakuru na highway imefunguka.

Hesabu yake ni hivi. Unaendesha kilomita 40 kwa siku, siku 22, hiyo ni 880 kwa mwezi. Gari inakupa 10 kwa lita itakunywa lita 88, shilingi 15,840. Yenye inakupa 20 kwa lita ni nusu, 7,920. Umeokoa 7,920. Kama kubadilisha gari kutakutoa 300,000 juu, itakuchukua miezi 38 kurudisha pesa yako. Miaka mitatu na kitu. Kwa mtu wa kilomita 40 kila siku iko sawa. Kwa wewe unayetoa gari Jumapili kanisani na siku ya ruracio, kaa na Demio yako na uache mbio.

Na ukinunua haibridi iliyotumika, muulize fundi anayezijua aipime betri na kompyuta kabla utoe pesa. Halafu kwa Aqua, angalia kando ya kiti cha nyuma kuna katundu ka kupitisha hewa. Hiyo ndiyo betri inapumulia. Vumbi yetu ya Kenya inaiziba, betri inachemka, halafu watu wanasema haibridi ni takataka. Safisha, na usiweke mizigo hapo.

Kama huna pesa ya kubadilisha chochote mwezi huu, na wengi wetu ndiyo hali, anza na upepo. Tairi ikiwa laini injini inasukuma zaidi, na kupima ni bure sheli nyingi. Filta ya hewa imejaa vumbi, badilisha. Ile kerea juu ya gari umebeba tangu Desemba ukitoka ushago, toa. Na uandike kwa simu kila ukijaza: lita ngapi, kilomita ngapi tangu ujaze mara ya mwisho, gawanya. Watu wengi hawajui gari yao inakula ngapi, wanajua tu wanajaza ya ngiri moja na inaisha.

Jamaa wangu? Aliirudisha ile nduthi, akakaa miezi akiendesha ya mtu, halafu akaingia stima tena. Hii mara alichagua kampuni yenye kituo mita chache kutoka steji yake, na hachukui abiria wa Mlolongo. Anasema shida yake sahi ni nduthi haina kelele, watu wa Umoja wanavuka bila kumskia, so anapiga honi hadi anakasirisha mtaa mzima.

Na kama unasoma hii ikiwa tarehe 14 jioni na bei imetangazwa kupanda, jaza tenki kabla saa sita usiku.