Leseni ya Mtabibu wa Timu Inavuka Mpaka?

Hebu tuanze na mpira. Mwaka 2021 timu ya Namungo, ya hapa kwetu Ruangwa, ilicheza Morocco, Misri na Zambia katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Timu ikisafiri, huenda na mtabibu wake. Hatusemi wale wa "kamati ya ufundi"! Tunasema yule anayekimbilia uwanjani na mkoba wa dawa mchezaji akiumia.

Sasa tujiulize. Mtabibu ana leseni ya kwao. Je, akivuka mpaka, leseni hiyo bado inamruhusu kutibu?

Leseni ni neno la serikali. Inasema: mtu huyu amesoma, tumempima, na akikosea tunajua pa kumpata. Lakini neno hilo lina mipaka. Hata hapa nchini, afya siyo jambo la Muungano. Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, na Zanzibar wana baraza lao.

Marekani shida hii imekuwa kubwa zaidi. Nchi hiyo ina majimbo 50, na karibu kila jimbo lina leseni yake ya watabibu wa wanamichezo. Zamani mtabibu akivuka jimbo pamoja na timu, bima yake iliweza kukataa kumlinda akishtakiwa. Basi afanye nini? Amtazame tu mchezaji wake akiugulia chini, au amtibu na kuhatarisha kazi?

Tarehe 5 Oktoba 2018 sheria mpya ilitiwa saini. Mtabibu akimhudumia mchezaji wa timu yake katika jimbo jingine, ni kama amemtibu nyumbani, alimradi amewajulisha watu wa bima mapema. Lakini sheria hiyo haihusu kutibu ndani ya hospitali za huko. Na akihamia huko kabisa, lazima afuate leseni ya huko.

Afrika Mashariki nako kuna mapatano ya Soko la Pamoja, yaliyoanza Julai 2010. Yanataka nchi zitambue vyeti vya wenzao. Wasanifu wa majengo, wahasibu na wahandisi walitia saini makubaliano yao mwaka 2011 na 2012.

Kumbe kutambuana vyeti siyo kufungua mlango kwa kila mtu. Ni pande mbili kukubali kipimo kimoja. Maana goti likitibiwa vibaya, anayebaki kilema ni mchezaji.

Na katika viwanja vyetu vya kijijini? Swali ni lile lile: nani amempima huyu anayemshika mgonjwa? Kijana akivunjika mguu, tusimwache kila mwenye nguvu auvute. Mguu ufungwe na ubao usitikisike, kisha apelekwe zahanati. Na mtu akija akasema yeye ni mtaalamu, tumwombe cheti bila aibu. Kusoma tunajua. Basi tukisome.