JOGOO HATAGI: TUTAJUAJE MAYAI YA BINTI ZAKE?

Mufugaji huchagua kuku jike kwa kutazama mayai yake. Lakini jogoo hatagi, naye huwapa watoto wake nusu ya urithi wao. Ukichagua vibaya, utajua tu baada ya miezi mingi, siku binti zake watakapoanza kutaga. Basi sikieni namna wenye elimu walivyotafuta alama ya kumujua mbele.

Ndani ya mwili wa kuku mna nyuzi ndogo sana za urithi, jina lake kromosomu. Ni jozi 39. Juu ya kila uzi jeni zimepangwa kama shanga juu ya kamba. Jeni moja hutengeneza rangi ya yai, ingine umbo la upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani.

Shanga za kamba moja husafiri pamoja. Lakini mbegu ya uzazi inapofanyika, nyuzi mbili za jozi hubadilishana vipande. Shanga zilizo karibu hutengana mara chache; zilizo mbali hutengana mara nyingi. Kwa hiyo ukihesabu watoto ambao alama zao zimetengana, unapima umbali wa jeni. Ndiyo ramani.

Tazama mufano. Kuku Araucana wa inchi ya Chile hutaga mayai ya buluu, na wengi wana upanga mufupi wenye mistari mitatu. Mwaka 1939 Bruckner na Hutt, katika Marekani, walionyesha kwamba jeni hizi mbili ni za kamba moja. Chukua jogoo aliyepata kamba hiyo kwa muzazi mumoja tu, umupe majike wa upanga murefu na mayai meupe. Katika binti 100, karibu 95 hupata alama zote mbili ao hukosa zote mbili. Karibu 5 tu hupata moja bila ingine. Basi umbali ni hatua 5.

Hutt alikuwa ametoa ramani ya kromosomu za kuku mwaka 1936. Mwaka 2004 urithi wa kuku mwekundu wa pori ulitangazwa: herufi karibu miliari moja.

Lakini angalia: alama hii ni ya ukoo ule. Kuku wako mwenye upanga mufupi asiye wa ukoo huo pengine hana buluu hata kidogo. Kwa hiyo anza na daftari: tia kuku pete muguuni, andika baba, mama na mayai. Pasipo kuhesabu, hakuna ramani.