Ukoo Umeshaamua. Kwa Nini Twende Mahakamani?

Matanga yakiisha, kabla watu hawajatawanyika, wazee hukaa. Wa upande wa baba huketi huku, wa upande wa mama kule, na swali lililo mbele yao ni moja: watoto wa marehemu wataishi na nani? Kijana mwenye mwandiko unaosomeka hupewa daftari la mistari aandike majina ya waliohudhuria. Jua linapoinama upande wa Singida, jibu limepatikana. Wataenda kwa bibi, au kwa baba mdogo, au kwa shangazi. Usiku huohuo watoto wanalala kwa watu wanaowajua na kuamka na uji mezani.

Hivyo ndivyo familia nyingi za kata ya Mogitu na vijiji vingine vya wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, zinavyowapokea watoto waliofiwa, nami nauheshimu utaratibu huo. Mkono mmoja haulei mwana. Lakini sisi tunaoshughulika na mashauri ya watoto tunajua kwamba matatizo hayaji wiki ya msiba. Huja miaka miwili au mitatu baadaye. Mjomba anataka kumhamisha mtoto bila kumuuliza bibi. Benki inamwambia shangazi kwamba haimtambui. Shamba la marehemu limeshalimwa na mtu mwingine. Au baba aliyetoweka miaka mingi anarudi kudai mtoto, na bibi aliyemlea hana kitu cha kuonyesha isipokuwa ushuhuda wa majirani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto si mali, na ndiyo maana yeye anastahili zaidi kuandikwa.

Sheria inasema nini

Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Sura ya 13 ya Sheria za nchi. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na jambo la kwanza la kuzingatiwa katika kila uamuzi unaomhusu ni maslahi bora yake. Si heshima ya ukoo, wala si mahari iliyotolewa au ambayo haijamalizwa.

Watu wengi hushangaa wakielezwa kwamba sheria hiyohiyo inautambua uamuzi wa wazee. Wazazi wote wawili wakifariki, inasema, wajibu wa uzazi unaweza kuhamia kwa ndugu wa upande wowote au kwa mlezi mwingine, kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Kwa hiyo bibi aliyekabidhiwa wajukuu kwenye kikao hajavunja sheria yoyote. Tofauti ya njia hizo mbili ni nguvu yake siku ya ubishi. Utaratibu wa kimila unasimama maadamu wote wanakubaliana. Amri ya mahakama inasimama hata wakigombana, na kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mtu aliyekabidhiwa na mahakama ni kosa.

Nieleze pia jambo ambalo hupotoshwa mara kwa mara. Baba akifariki na mama yupo, mama hahitaji kupewa watoto na mtu yeyote. Ni wake kwa sheria tangu mwanzo. Wazee wanaweza kumshauri na kumsaidia, lakini kikao hakina mamlaka ya kumnyang'anya. Sheria inakwenda mbali zaidi na kuchukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake, mpaka mtu athibitishe vinginevyo.

Milango mitatu inayochanganywa

Mlango wa kwanza ni ulezi. Hapa mzazi, mlezi, au ndugu anayemtunza mtoto anaiomba mahakama imkabidhi mtoto rasmi. Akikabidhiwa, anapata mamlaka ya kuamua mambo ya kila siku: shule, matibabu, makazi. Hageuki kuwa mzazi wa damu, na harithi chochote kwa sababu hiyo.

Mlango wa pili ni mirathi. Shamba, ng'ombe, nyumba na fedha za marehemu husimamiwa na msimamizi wa mirathi, ambaye kwa familia nyingi za vijijini huteuliwa na Mahakama ya Mwanzo. Anaweza kuwa mtu yuleyule anayewalea watoto, lakini ni kazi nyingine na ina ombi lake. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa arudi ndani ya miezi 4 na orodha ya mali na hesabu ya namna alivyoigawa. Sheria ya Mtoto nayo inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Mlezi anayeuza ndama wa marehemu na kusema ni gharama za malezi, bila hesabu yoyote, amesimama mahali pabaya.

Mlango wa tatu ni kuasili. Huu unabadilisha uzazi wenyewe. Haki na wajibu wa wazazi wa awali hukoma na mtoto huhesabiwa kuwa wa waliomwasili. Masharti yake ni mazito na kwa kawaida maombi husikilizwa Mahakama Kuu, ambayo kwa mkoa wa Manyara ina masjala ndogo mjini Babati. Bibi anayewalea wajukuu hahitaji mlango huu. Anayetaka kumtunza mtoto asiye wa ukoo wake aanze kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, anayeshughulikia malezi ya kambo na kumtathmini mtu kabla hajakabidhiwa mtoto wa mwenzake.

Kutoka Mogitu hadi Katesh

Maombi ya ulezi husikilizwa na Mahakama ya Watoto. Usitafute jengo lenye jina hilo mlangoni. Sheria inamruhusu Jaji Mkuu kuteua majengo ya mahakama za mwanzo yatumike kwa kazi hiyo, na anayesikiliza ni hakimu mkazi. Kwa mtu wa Mogitu, pa kuanzia ni Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang, kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri au kwa karani wa mahakama ya wilaya.

Beba vitu hivi: barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji, kitambulisho chako, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vyeti vya vifo vya wazazi kama wamefariki, na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi au dole gumba la wahusika wa pande zote mbili. Muhtasari hauifungi mahakama, lakini unamwonyesha hakimu kwamba hukumchukua mtoto kwa siri.

Vyeti ndivyo vinavyowakwamisha wengi, na Hanang inajua sababu kuliko wilaya nyingi. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa Mlima Hanang ulimomonyoka, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh, Gendabi na maeneo jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Nyumba ikisombwa, husombwa pamoja na sanduku lililokuwa chini ya kitanda, na ndani ya sanduku hilo mlikuwa na kadi ya kliniki, hati ya shamba na kitabu cha benki. Kupotea kwa cheti si mwisho wa haki ya mtoto. Usajili wa vizazi na vifo unasimamiwa na RITA, na kizazi kilichosajiliwa kinaweza kutafutwa kwenye kumbukumbu na kutolewa cheti kingine. Ambaye hajawahi kusajiliwa anaweza kusajiliwa hata akiwa amechelewa. Rejesta ya shule, kumbukumbu za zahanati na maelezo ya mtendaji husaidia kuthibitisha.

Usiogope lugha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zote. Na kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria, wakiwamo wasaidizi wa kisheria walioko wilayani. Waulize ustawi wa jamii wakuelekeze.

Afisa anapokuja nyumbani

Mahakama inaweza kumtaka afisa ustawi wa jamii achunguze hali ya mtoto na kuandika taarifa. Watu wengi hulipokea jambo hili kama upekuzi. Wanaazima makochi, wanapika nyama. Hakuna haja.

Mfikirie afisa huyo ameshuka kwenye bodaboda na kukaribishwa kigoda. Anauliza mtoto analala wapi, naye anaonyeshwa godoro analolala na dada yake. Anaangalia kama sare ya shule ipo na kama daftari la mtoto lina tarehe za wiki hii. Anaulizia wanakula mara ngapi kwa siku, mahindi ya ghalani yatafika mwezi gani, na akiumwa usiku nani humpeleka zahanati. Kisha anaomba kukaa na mtoto peke yake, nje, chini ya mti. Hapo mlezi anapaswa kubaki ndani bila kunung'unika, maana hayo mazungumzo ya chini ya mti ndiyo yenye uzito kuliko makochi. Umaskini peke yake si sababu ya kumnyima mtu mjukuu wake. Kinachotafutwa ni kama mtoto yuko salama na anapendwa.

Mbele ya hakimu pia hakuna umati. Shauri la mtoto halisikilizwi hadharani, taratibu zake si za kutisha, na mtoto ana haki ya kusema. Hakimu hupima umri na jinsia ya mtoto, umuhimu wa kuwa na mama au wazazi wake, maoni yake kama ameyatoa bila kushurutishwa, faida ya ndugu wa tumbo moja kukaa pamoja, na hitaji la malezi yasiyokatikakatika. Wazee wanaopanga kuwagawa watoto watatu kwa kaya tatu, ili mzigo usimwelemee mmoja, walipime jambo hili mapema. Huenda ni nafuu zaidi kuchangia magunia kwa kaya moja kuliko kuwatenganisha.

Amri ikitoka haiui ukoo. Mahakama inaweza kuwapa ndugu wengine haki ya kumtembelea mtoto, na mazingira yakibadilika inaweza kuombwa ibadilishe uamuzi. Kama kuna mzazi aliye hai, bado anadaiwa matunzo, hata kama mtoto anaishi kwa mwingine.

Tahadhari kutoka kwa majirani

Ulezi unaweza kutumiwa vibaya. Uganda ilijifunza kwa uchungu. Kwa miaka mingi wageni walikuwa wakipata amri ya ulezi huko, kisha wanaondoka na mtoto kwenda kumwasili ng'ambo, hasa Marekani. Wapo wazazi waliodhani mtoto anakwenda kusoma na atarudi. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yaliufanya ulezi wa kisheria kuwa wa raia wa Uganda, na mwanya huo ukazibwa. Fundisho kwa Mogitu ni hili: akija mtu mwenye maneno matamu na karatasi ya kutia dole gumba ili mtoto apelekwe mbali kusoma au kulelewa, karatasi hiyo isomwe kwanza na ustawi wa jamii. Mwenye nia njema hatakasirika.

Ombi langu kwa wazee ni dogo. Kikao kiendelee, maana hakimu hatawahi kuwajua watoto hao kama nyinyi mnavyowajua. Lakini yule kijana mwenye mwandiko mzuri asiandike majina ya waliohudhuria tu. Aandike jina kamili la kila mtoto na siku aliyozaliwa, aliyekabidhiwa, watakaochangia na wanachochangia, na mali ya marehemu ilipo, ng'ombe kwa ng'ombe, ekari kwa ekari. Kama mtoto ameshaanza kuelewa, aitwe aulizwe, na jibu lake liandikwe kama alivyolisema. Wote watie sahihi. Kisha, wakati bado mnapendana na hakuna aliyekasirika, mtu mmoja apewe nauli alipeleke daftari hilo Katesh.