Pikipiki inamisi ikipanda Kidichi? Anza na mwanya wa plagi

Ukiiacha barabara kuu pale Bububu na kuelekea Kidichi, njia inapanda. Wenzetu wa bara wanaweza kukicheka kilima hicho, lakini kwa bodaboda iliyobeba abiria na pakacha la machungwa kinatosha kabisa kuufichua ubovu wa plagi. Chombo kilichokuwa kikienda vizuri kwenye tambarare kinaanza kukohoa, kinamisi, nguvu zinakwisha. Kikifika juu, kwenye mahamamu ya Sayyid Said, kinatulia kama hakikuwa na kitu.

Hapo dereva huambiwa kabureta ni chafu, au petroli ina maji. Analipa, kabureta inafunguliwa, na siku ya pili kilimani ni yale yale. Sisi tunasema kabla ya kutoa fedha, pima kwanza mwanya wa plagi.

Plagi ina ncha mbili: moja ya katikati, iliyozungukwa na kaure nyeupe, na nyengine ya pembeni iliyokunjwa juu yake. Cheche inaruka kutoka ncha moja hadi nyengine. Ukifungua mafuta kupanda kilima, hewa na petroli nyingi zaidi huingia kwenye silinda na kugandamizwa kwa nguvu, na ndani ya mgandamizo huo cheche hupata taabu kuruka. Koili hutakiwa kutoa umeme mkali zaidi. Mwanya ukiwa mpana kupita kiasi, koili inashindwa, na mahali pa kwanza pa kushindwa ni hapo kwenye mzigo. Tena mwanya hupanuka wenyewe, kwa sababu kila cheche hula chuma kidogo.

Ukibana sana nako si dawa. Cheche inakuwa fupi na dhaifu, injini haitulii ikiwa sailensa, na plagi hushika masizi upesi.

Kipimo sahihi kimo kwenye kitabu cha chombo chako. Pikipiki nyingi ndogo hutaka kati ya milimita 0.6 na 0.8. Vespa PX ni 0.6. Ile injini ya Honda GX160 inayoendesha pampu nyingi za maji mashambani ni 0.7 hadi 0.8. Tofauti ya 0.1 ni unene wa wembe wa kunyolea, kwa hiyo jicho peke yake haliwezi kuhukumu.

Ndiyo maana tunasisitiza fila, kile kifaa chenye majani membamba ya chuma yaliyoandikwa unene wake. Mafundi wengi hutumia kipande cha msumeno wa chuma badala yake. Si upuuzi: mgongo wa msumeno wa mkono wa kawaida una unene wa karibu milimita 0.63. Lakini meno yake yamepindwa huku na huku na ni mapana zaidi, na kwa injini inayotaka 0.8 msumeno huo haukufai kitu.

Acha injini ipoe kwanza, maana kichwa cha aluminiamu kikiwa cha moto nyuzi zake huharibika kirahisi. Puliza vumbi kuzunguka plagi, kisha ifungue kwa spana yake ya boksi inayoingia sawasawa. Plaizi huteleza na kuvunja kaure. Safisha ncha kwa brashi laini ya waya, pitisha jani la fila: liingie kwa kukwaruza kidogo tu, lisipwaye wala lisilazimishwe.

Kupunguza mwanya, gonga ncha ya pembeni taratibu juu ya ubao mgumu, upime, ugonge tena. Kuupanua, ivute hiyo hiyo ya pembeni. Usiingize bisibisi katikati ukaegemea ncha ya kati. Kaure ikipata ufa, cheche itapotelea ndani na hutauona ufa wenyewe. Plagi za iridiamu zina ncha nyembamba mno, hizo ziacheni kama zilivyotoka kiwandani.

Jambo moja fila haikuambii: plagi iliyochakaa huliwa na kufanya shimo. Jani lililonyooka hupita juu ya shimo hilo na kukuonesha mwanya mdogo kuliko ulivyo kweli. Ukiona ncha ya kati imekuwa ya duara au ya pembeni imeingia ndani, nunua mpya, na hiyo mpya nayo uipime.

Wakati wa kurudisha, anza kwa vidole mpaka ikae. Spana ije mwisho: plagi mpya ya nyuzi za milimita 14, kama ya GX160, nusu mzunguko; ya zamani, robo au chini ya hapo. Kisha ipandishe tena Kidichi na mzigo ule ule. Ikiendelea kumisi, sasa tazama kofia ya plagi na waya wake, halafu koili, na kabureta iwe ya mwisho.