Kipimo cha saratani kwa mwanga: Hitaji lipo, bei bado

Na Mwandishi Wetu

MIKOA ya Mbeya na Iringa inajulikana sokoni kwa mahindi, viazi, chai na mbao. Ipo hata hivyo bidhaa moja ambayo Nyanda za Juu Kusini zinaihitaji na haijafika: kipimo rahisi cha kugundua saratani mapema kwa kutumia chipu ya mwanga.

Chipu hiyo ni ya silikoni, malighafi ile ile ya kompyuta. Juu yake huchongwa vipete vyenye kipenyo kidogo kuliko unene wa unywele, ambamo mwanga huzunguka. Protini ya saratani au kipande cha vinasaba kikinasa kwenye kipete, mwanga hubadilika kidogo na mashine husoma badiliko hilo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walipima kwa njia hiyo CEA, protini inayohusishwa na saratani ya utumbo mpana.

Kwa wanawake wa Tanzania, saratani inayoongoza ni ya mlango wa kizazi. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke mwenye VVU yuko katika hatari mara sita zaidi. Utafiti wa 2016-17 ulikuta VVU kwa asilimia 11.3 ya watu wazima Iringa na 9.3 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 5.

Anayechelewa kugundulika hulipa zaidi. Kutoka Mbeya hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800: nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea.

Je, bei itashuka? Mfano upo. Mbeya ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoifanyia majaribio mashine ya GeneXpert ya kifua kikuu. Kikasha chake kimoja kiliuzwa dola 16.86, mwaka 2012 wafadhili walipoungana kikashuka hadi 9.98, na mwaka 2023 hadi 7.97. Mashine hiyo hiyo hupima pia HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi.

Chipu nayo hushuka bei kwa wingi wa oda. Hospitali moja moja haitapata punguzo. Bohari ya Dawa na mifuko ya bima ikiagiza kwa pamoja, itapata.

Kwa sasa kipimo cha siki kipo, na ni cha gharama ndogo. Asiyepima leo kwa kusubiri chipu anafanya biashara ya hasara.