Ibada ikibaki bila moyo: tunachojifunza kwa rabi Abraham Joshua Heschel



Katika mahubiri yetu, neno «Mfarisayo» limekuwa kama tusi. Tunalitumia kwa mtu mwenye dini ya nje tu, na mara nyingi wasikilizaji wanarudi nyumbani wakifikiri kwamba hiyo ilikuwa shida ya Wayahudi wa zamani, si shida yetu. Lakini Wayahudi wenyewe wamepigana na dini ya mazoea tangu siku za manabii mpaka leo. Hapa tunaeleza kazi ya mmoja wao, rabi Abraham Joshua Heschel, kwa sababu onyo alilowapa watu wake linagusa pia makanisa yetu ya mashariki ya Congo.

Heschel alikuwa nani?

Alizaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1907, katika jamaa ya marabi wa Wahasidi. Uhasidi ni uamsho ulioanza kati ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki katika karne ya 18, kwa mafundisho ya mwalimu aliyeitwa Baal Shem Tov. Ulifundisha kwamba hata mtu asiye na elimu kubwa anaweza kumkaribia Mungu kwa furaha na kwa maombi ya moyo wote. Heschel alikulia ndani ya urithi huo, kisha akaenda kusoma Berlin, ambako aliandika kazi yake ya udaktari juu ya manabii wa Biblia.

Mwezi wa 10 mwaka 1938, utawala wa Wanazi ulimkamata na kumfukuza kutoka Ujerumani mpaka Poland. Mwaka 1939, majuma machache kabla ya Ujerumani kuvamia Poland, alipata njia ya kwenda London, na mwaka 1940 akafika Marekani. Mama yake na dada zake watatu walipoteza maisha katika vita ile. Yeye alifundisha katika chuo cha theolojia ya Kiyahudi cha New York mpaka alipofariki mwezi wa 12 mwaka 1972.

Sinagogi nzuri, maombi baridi

Baada ya vita, Wayahudi wengi wa Marekani walipata maendeleo. Walihamia vitongoji vya miji na kujenga sinagogi nyingi mpya. Kwa nje, dini ilionekana kustawi. Heschel hakushangilia. Mwaka 1953, mbele ya mkutano wa marabi, alieleza kwamba ibada zimekuwa za heshima lakini baridi. Kila kitu kinakwenda kwa utaratibu, na watu wamekaa kama watazamaji, wakimwachia mtu mwingine kazi ya kuomba mahali pao.

Aliwakemea pia wale waliofikiri kwamba Mungu anataka tendo lifanyike tu, hata kama moyo uko mbali. Lakini hakukubaliana na waliosema kwamba moyo unatosha na taratibu zinaweza kuachwa. Walimu wa Kiyahudi wana maneno mawili ya Kiebrania juu ya jambo hili. «Keva» ni kile kilichopangwa: saa ya sala, maneno yake, desturi zake. «Kavana» ni kuuelekeza moyo kwa Mungu. Tayari katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilika karibu na mwaka 200, waumini wanaonywa wasiifanye sala kuwa mazoea. Heschel alishika yote mawili. Bila utaratibu, moyo unachoka na kusahau. Bila moyo, utaratibu ni mwili usio na pumzi.

Mambo matatu aliyowarudishia watu wake

La kwanza ni mshangao. Kwa Heschel, imani inaanza kufa pale mtu anapozoea kila kitu: jua, mkate, mtoto, hata jina la Mungu. Katika kitabu chake cha mwaka 1955 juu ya Mungu anayemtafuta mwanadamu, alionyesha kwamba Biblia si hasa habari ya sisi kumtafuta Mungu. Ni Mungu anayetutafuta sisi, tangu alipomwita Adamu katika bustani. Mtu anayejua kwamba anatafutwa hawezi kukaa ibadani kama mtu anayengoja mkutano uishe.

La pili ni Sabato. Mwaka 1951 aliandika kitabu kidogo juu ya siku hiyo, ambacho bado kinasomwa sana. Wengi waliiona Sabato kama orodha ya makatazo. Yeye aliwakumbusha kwamba siku sita tunapigania vitu: shamba, nyumba, pesa. Siku ya saba tunapokea wakati wenyewe kama mahali patakatifu. Majeshi yanaweza kubomoa hekalu la mawe, lakini hakuna jeshi linaloweza kubomoa siku ya Bwana.

La tatu ni sauti ya manabii. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1962, alifundisha kwamba nabii ni mtu anayeshiriki maumivu ya Mungu juu ya watu wake. Mungu haangalii kwa mbali. Anaumia mjane anapodhulumiwa. Ndiyo maana katika Amosi 5 na Isaya 58 Bwana anakataa nyimbo na kufunga kwa watu wanaowaonea maskini.

Maombi yaliyotembea

Heschel hakuishia kwenye vitabu. Mwezi wa 1 mwaka 1963 alihutubia mkutano wa viongozi wa dini kule Chicago juu ya ubaguzi wa rangi, na hapo akakutana na mchungaji Martin Luther King. Mwezi wa 6 mwaka uleule alimwandikia rais Kennedy kwa telegramu, akipendekeza kwamba viongozi wa dini watoe mshahara wao wa mwezi mmoja kwa ajili ya nyumba na masomo ya watu weusi. Tarehe 21 mwezi wa 3 mwaka 1965, alitembea katika mstari wa mbele pamoja na King, kutoka Selma kuelekea Montgomery, kudai haki ya watu weusi kupiga kura. Baadaye alieleza kwamba siku ile alijisikia kana kwamba miguu yake ilikuwa inaomba. Si wenzake wote waliomwunga mkono. Lakini kwake, kutembea kule kulikuwa sehemu ya ibada.

Mwaka 1968, karibu na Boston, vijana wa Kiyahudi walianzisha kikundi kidogo cha sala na masomo. Mmoja wa waanzilishi, Arthur Green, alikuwa mwanafunzi wa Heschel. Huko kila mtu alishiriki na hakuna aliyebaki mtazamaji. Vikundi vya namna hiyo vilienea katika miji mingine.

Na sisi je?

Hatufichi tofauti. Sisi tunakiri kwamba Yesu ndiye Kristo; Heschel aliishi na kufa katika imani ya Kiyahudi. Lakini Amosi na Isaya ni manabii wetu pia, na onyo lao halichagui taifa.

Makanisa yetu yanajaa. Kwaya ni nyingi, matangazo ni marefu, matoleo yanahesabiwa. Hiyo ni baraka. Lakini tujiulize: je, kwaya inaomba pamoja nasi, au inaomba mahali petu? Mama aliyekimbia vita na kukaa kwenye benchi la nyuma, je, tunajua jina lake? Kila juma tunasikia habari za vifo, na polepole tunasema: «Tumezoea». Hapo ndipo hatari ilipo. Vita vinaua miili, na mazoea yanaua huruma ya waliobaki hai. Heschel alipoteza jamaa yake, naye angeweza kufunga moyo. Badala yake alifundisha kwamba waliotenda uovu wanaweza kuhesabika kwa vidole, lakini jukumu la kuupinga ni la kila mtu.

Tunajua kwamba wachungaji wengi wetu hawana mshahara wa mwezi wa kutoa. Lakini swali la Heschel linabaki: sala yetu inatugharimu nini?

Tunaomba vikundi vya nyumbani vizungumze juu ya maswali haya juma hili:

1. Ni sehemu gani ya ibada yetu tunayoifanya bila kuifikiria tena?
2. Jumapili yetu inatofautiana vipi na siku nyingine baada ya kutoka kanisani?
3. Ni maumivu gani ya jirani ambayo tumeyazoea, na tutafanya nini kabla ya Jumapili ijayo?

Bwana atuondolee moyo wa jiwe, atupe moyo wa nyama. Amina.