Pana Wenyewe: Utangulizi wa Somo la Mahali Penye Mizuka

Huenda umefungua kurasa hizi ukiwa na swali moja tu: je, mizuka ipo kweli? Ni swali halali, wala sitakucheka kwa kuliuliza. Ila nakuomba uliweke kando kidogo, maana lipo jingine linalochunguzika kwa urahisi zaidi na, kwa maoni yangu, tamu zaidi: kwa nini hapa? Mtaa una nyumba mia. Kwa nini watu waharakishe hatua mbele ya hii moja? Somo letu zima limejengwa juu ya swali hilo.

Tuanze na msingi. Mahali penye mizuka ni mahali ambapo watu husimulia kuwa pana viumbe wasioonekana, au wanaoonekana kwa nadra: roho za wafu, mizimu, majini, pepo. Uzito wa maelezo hayo uko kwenye “husimulia”. Bila masimulizi, gofu ni gofu tu. Ndiyo sababu somo hili liko zaidi mikononi mwa wataalamu wa fasihi simulizi, yaani taaluma ya hadithi na imani zinazopokezanwa kwa mdomo, ingawa wanahistoria, wanaakiolojia na wanasaikolojia nao wana shamba lao humu.

Masimulizi yenyewe ni ya aina mbili, na mwanafunzi mgeni huzichanganya. Mtu akikwambia, “Jana usiku nilisikia mtu akitembea darini, nikapanda, sikumkuta mtu,” hiyo ni memorati, yaani habari ya yaliyompata msimulizi mwenyewe. Istilahi hii ilianzishwa na msomi wa Sweden, Carl Wilhelm von Sydow, mwaka 1934. Lakini akisema, “Nyumba ile aliuawa bibi harusi, na kila usiku wa Ijumaa hulia,” hicho ni kisakale: hadithi ya wengi, isiyo na mtunzi, inayosimuliwa kama jambo lililotokea. Aina hizi mbili hulishana. Aliyekwisha kusikia habari za bibi harusi, paka akipita darini atamsikia bibi harusi. Kesho yake atasimulia, na kisakale kitapata nguvu mpya. Kazi yako ya kwanza kila unaposikiliza ni kuuliza: huyu ameona, au ameambiwa?

Mfano wa kale ninaopenda kuanza nao unatoka Ugiriki. Pliny Mdogo, mwandishi Mroma aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 2, alimwandikia rafiki yake Sura barua akimuuliza swali lile lile uliloingia nalo hapa. Humo anasimulia habari za nyumba moja ya Athens ambamo minyororo ilisikika usiku, hata ikakosa mpangaji. Mwanafalsafa Athenodorus aliposikia kodi yake, alishuku kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Akadadisi, akaambiwa yote, akapanga vivyo hivyo. Usiku akaketi akiandika. Mzuka wa mzee mwenye pingu ukaja, ukamwashiria kwa kidole. Yeye akauashiria ungoje kidogo, akaendelea kuandika! Mwishowe aliufuata hadi uani, ukatoweka. Akapaweka alama, na asubuhi mahakimu wa mji walipochimbisha, ikapatikana mifupa iliyofungwa minyororo. Ikazikwa kwa heshima, na nyumba ikatulia.

Soma tena habari hiyo polepole, kwani mengi utakayokutana nayo duniani yamo humo: marehemu asiyezikwa ipasavyo, mahali panapotunza dhuluma, walio hai wanaodaiwa kitu. Na bei, jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa katika jimbo la New York iliamua kesi ya nyumba ya Nyack ambayo mwenyewe alikuwa ametangaza magazetini kuwa ina mizuka, kisha akamuuzia mtu wa mbali asiyejua. Majaji walisema kwamba, kwa kuwa ameshaitangaza hivyo, kisheria nyumba ina mizuka. Mnunuzi akaruhusiwa kujitoa katika mkataba. Mahakama haikuhitaji kumwona mzuka. Ilitosha kwamba sifa ya nyumba ilikuwa na bei.

Sasa tuje pwani yetu, kwenye mahame ya Gedi, kati ya Watamu na Malindi. Huu ulikuwa mji wa Waswahili wenye nyumba za mawe ya matumbawe, jumba la mtawala, Msikiti Mkuu, na kaburi lililochorwa mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399. Ulistawi karne ya 15. Kufikia karne ya 17 ulikuwa umehamwa, na msitu ukaufunika. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuuchimbua mwaka 1948, alipata vyombo vya kauri vya Kichina. Yeye pia aliandika kwamba siku za mwanzo alihisi kama kuna mtu akimchungulia nyuma ya kuta. Hiyo, bila shaka umeitambua, ni memorati, na imetoka kwa mtaalamu.

Kwa nini Gedi? Mosi, ukimya wa maandishi: Wareno walikaa Malindi, mwendo mfupi tu kutoka hapo, na kumbukumbu zao haziutaji mji huu. Pili, hakuna anayejua kwa hakika watu walihama kwa nini. Wapo wanaotaja uvamizi wa wapiganaji walioitwa Wazimba mwaka 1589, wengine mashambulizi ya Waoromo, wengine kupungua kwa maji, kwani kisima karibu na Msikiti Mkuu kinaonyesha kuwa kiliongezwa kina. Historia inapoacha mwanya namna hiyo, masimulizi huingia. Wenyeji wa Kimijikenda wanaamini kuwa mahali pana wenyewe, na usithubutu kuiita imani hiyo upuuzi. Imani za jinsi hiyo ndizo zilizolinda misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Gedi yenyewe iliingia mwaka 2024.

Bhangarh, huko Rajasthan, India, nayo ni mji uliohamwa, na kisakale chake kinataja laana. Kibao cha idara ya mambo ya kale kinakataza kuingia baada ya jua kutua. Majengo mengi ya kale ya India hufungwa jioni, lakini hapa watu hukisoma kibao kama serikali imekiri.

Utaniuliza: na wale waliosikia kweli? Mwili nao una habari zake. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha kisa cha familia iliyosikia nyayo usiku, ikiumwa kichwa, na mimea ndani ikifa. Tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu, likivujisha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Mwaka 1998 mhandisi Vic Tandy alieleza jinsi alivyoona umbo la kijivu pembeni mwa jicho katika maabara huko Uingereza. Kesho yake upanga wake wa mchezo, aliokuwa ameubana kwenye jiliwa, ulianza kutetemeka wenyewe. Chanzo kilikuwa feni mpya iliyotoa infrasauti, yaani sauti nzito mno isiyosikika kwa sikio la mtu. Usikimbilie kufunga jalada, hata hivyo: feni ya maabara haielezi mzee wa Athens, wala haielezi kwa nini watu wa Gedi huingia mahame kwa adabu.

Ukitaka kuanza kazi, usianze na majumba ya kifalme ya London. Anza na mbuyu, kisima au gofu la mtaani kwenu. Waendee wazee, bisha hodi, omba ruhusa kabla ya kurekodi, na uandike nani amesema nini na lini. Tenga waliyoyaona na waliyoambiwa. Wakikwambia pasiingiwe usiku, usiingie. Kazi hii hufanyika vizuri sana mchana.